Hadhira ya Watu Saba

Wanaosoma fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji haukamiliki pasi na pande mbili: fanani na hadhira. Fanani ni yule anayetamba, anayeimba au anayeghani. Hadhira ni wale wanaosikiliza, wanaoitikia na wanaompa fanani nguvu ya kuendelea. Ufafanuzi huu haukumsumbua mwanafunzi yeyote katika darasa la mwaka wa pili ila mmoja, kijana mrefu wa Kilelengwani, katika delta ya Mto Tana. Siku hiyo aliinua mkono na kuuliza swali lililowavunja wenzake mbavu. Alitaka kujua kama hadhira, ili iitwe hadhira, yahitaji kuwa na watu wangapi. Mhadhiri alitabasamu, akajibu kuwa vitabu havikutaja idadi, kisha akaendelea na somo.

Wenzake walidhani ni mzaha. Hawakujua kwamba Jumamosi iliyotangulia kijana huyo alikuwa amesimama na gitaa lake mbele ya viti 200, na kwamba 193 kati ya viti hivyo vilikuwa vitupu.

Hadhira yake ya watu saba aliikumbuka mmoja mmoja. Wawili walikuwa marafiki wa mpiga ngoma, nao walikuja kwa ajili ya urafiki. Watatu walikuwa wanafunzi walioikimbia mvua. Mmoja alikuwa mhadhiri mstaafu aliyekuwa na mazoea ya kukusanya santuri za kale. Wa saba alikuwa mlinzi, ambaye alisimama kando ya mlango na funguo mkononi akingoja waondoke ili afunge. Yeyote aliyewahi kupiga muziki katika ukumbi mtupu anajua lililomfika kijana. Sauti haina miili ya kuipokea. Hugonga ukuta wa nyuma na kumrudia mpigaji ikiwa imechelewa kidogo, mithili ya mtu anayemwigiza kwa kejeli. Na makofi ya watu saba hayawi mvua ya makofi: kila kofi husikika peke yake, hata mpigaji akaweza kujua ni nani aliyeacha kupiga kwanza.

Usiku huo ulikuwa wa kuizindua albamu. Kijana na wenzake wawili, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma, walikuwa wamejinyima kwa miezi minane ili kuirekodi. Ilikuwa na nyimbo tisa. Walitoa nakala 100, na kufikia mwisho wa muhula walikuwa wameuza 14. Zilizosalia zilikaa ndani ya katoni chini ya kitanda chake bwenini, na kila alipoinama kutafuta viatu alikutana nazo.

Muziki wenyewe aliuita jazi, na jina hilo lilikuwa sehemu ya taabu yake. Neno jazi lina historia yake katika Kiswahili. Kwa miongo mingi bendi za Afrika Mashariki zilijiita Jazz hata pale zilipopiga rumba, chacha na mitindo iliyobuniwa nyumbani: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi. Jina lilibeba maana ya usasa, magitaa ya umeme, tarumbeta na dansi la mjini. Watu walijaa kumbini ili wacheze. Kijana wa Kilelengwani alikuwa ameufuata mkondo mwingine, ule wa kuketi na kusikiliza, ambamo wimbo hutajwa kwanza, kisha huvunjwa na kuundwa upya papo hapo, kila mpigaji akisema lake juu ya kilichosemwa na mwenzake. Ndani ya mkondo huo alitia tuni za kwao. Wapenda dansi walimwona mkavu. Wapenda jazi ya Marekani, ambao ni wachache mno, walimwona mshamba. Akawa kama popo, si wa ndege si wa wanyama.

Siku chache baada ya swali lake darasani alimtembelea yule mhadhiri mstaafu nyumbani kwake, akamweleza azma yake.

“Mwalimu, nimeamua kuliuza gitaa. Mnunuzi nimeshampata.”

“Uza, kijana wangu. Mali ni yako,” mzee akamjibu bila kushtuka. “Lakini kabla hujauza, nenda ukasikilize hizi mbili.” Akamwazima diski mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Fundi Konde. Kijana alikuwa amelisikia jina hilo kwa wazee, wala hakuwahi kulitia maanani. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama, pwani ya Kenya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumika katika kikosi cha burudani cha jeshi la KAR, kilichowatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana Asia. Aliporudi alirekodi nyimbo nyingi za Kiswahili, “Majengo Siendi Tena” ukiwa miongoni mwake, na ndiye anayetajwa mara kwa mara kuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika sehemu hizi. Kijana alipoweka diski hiyo alishangaa. Alisikia gitaa lililotulia, lisilo na pupa, likipita katika mapatano ya sauti ambayo yeye mwenyewe alidhani ameyapata kwa taabu kutoka kwa Wamarekani. Kumbe yalikuwapo pwani kabla wazazi wake hawajazaliwa.

Lililomkaa zaidi moyoni lilikuwa tarehe zilizoandikwa kwenye jalada. Nyimbo zile zilirekodiwa baina ya 1947 na 1956. Diski ile, mkusanyo wa kazi zake za kale, ilitoka 1994. Katikati ya miaka hiyo mwenyewe aliuacha muziki, mnamo 1963, mwaka ule ule ambao nchi ilipata uhuru na vijana wakataka mitindo mipya. Mtu aliyewahi kuwapigia maelfu ya askari akakaa miaka mingi pasi na hadhira. Santuri zake zilitawanyika katika majumba ya watu, nyingine zikivunjika, nyingine zikiliwa na vumbi, mpaka wakatokea wachache waliozitafuta na kuzikusanya. Aliaga dunia mwaka 2000, akiwa ameishi kuyaona majina ya nyimbo zake yakichapishwa tena.

Diski ya pili ilikuwa ya Mmarekani mweusi aitwaye Herbie Nichols, mpiga piano. Huyu alizaliwa New York mwaka 1919, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Alitunga nyimbo nyingi za ajabu, zenye ucheshi na huzuni kwa pamoja, lakini kampuni za kurekodi hazikumtaka. Hatimaye, katika miaka ya 1955 na 1956, kampuni ya Blue Note ilimpa nafasi, akarekodi pamoja na wapiga ngoma wakubwa kama Art Blakey na Max Roach. Santuri hizo hazikuuzika. Nichols akarudi kupata riziki kwa kupiga mitindo ya kizamani ambayo moyo wake haukuwamo, akiwasindikiza wengine katika vilabu ambamo watu walikuja kunywa. Wimbo wake mmoja ulivuma duniani baada ya mwimbaji Billie Holiday kuutilia maneno, nao ukajulikana kwa jina la “Lady Sings the Blues”. Waliouimba wakalijua jina la Holiday, la mtunzi wakaliacha. Alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 44.

Lakini katika miaka yake ya mwisho palikuwa na kijana mmoja mpiga tromboni, Roswell Rudd, aliyekuwa akipiga naye na kujifunza nyimbo zake. Nichols alipokufa, Rudd hakuziacha. Kwa miaka mingi alizipiga na kuzifundisha, na baadaye akachapisha kitabu cha tungo za Nichols ambazo hazikuwa zimechapishwa. Huko Uholanzi mpiga piano Misha Mengelberg naye akazipiga. Mwaka 1987 rekodi zake za Blue Note zilitolewa upya katika mkusanyo mmoja, zikiwamo ambazo hazikuwahi kutoka kamwe. Leo wapo watu katika nchi nyingi wanaozipiga.

Mzee alikuwa ametaraji kwamba habari hizi zitamtia kijana moyo. Badala yake zilimtia hasira. Alipozirudisha diski alisema waziwazi kwamba hizo ni hadithi za kuwafariji walioshindwa. Nichols hakula kitabu cha Rudd. Kofi linalopigwa juu ya kaburi halimfikii aliyelala ndani. Kama malipo ya muziki ni kusubiri miaka 30 baada ya kufa, basi afadhali kulima mpunga, kwa kuwa mpunga huvunwa mwaka ule ule. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakumpinga, maana maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na mtu mzima hakanushi ukweli kwa sababu umesemwa kwa ukali.

Desemba kijana akafunga safari ya kwenda nyumbani. Mnunuzi wa gitaa alikuwa ameahidi kulipa Januari, hivyo akalibeba mgongoni kwa mara ya mwisho, kama alivyojiambia. Alishuka Malindi, akapanda gari la kwenda Garsen, na kutoka kwenye barabara kuu ya kwenda Witu na Lamu akachukua pikipiki. Njia ilipita katika nyika, kisha miembe ikaanza kuonekana, na harufu ya mto ikamjia kabla ya mto wenyewe. Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, hufika sehemu hizi ukiwa umechoka. Hujigawa katika mikono mingi, hutapakaa mabondeni, kisha huingia baharini karibu na Kipini. Watu hulima pale maji yanapowaruhusu, na wafugaji huleta ng'ombe pale majani yanaposalia kiangazi.

Kilelengwani si jina linalotajwa mara nyingi nje ya delta, na mara moja lilipotajwa kila mahali lilitajwa kwa msiba. Mwaka 2012 mapigano yalizuka baina ya jamii za wakulima na wafugaji katika Tana Delta, chanzo kikiwa ni ugomvi wa ardhi, malisho na maji, huku siasa zikiuchochea. Mwezi wa Septemba kijiji kilivamiwa. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wakiwamo askari polisi, na nyumba zikateketezwa. Familia nyingi zilihama. Baadhi zilirudi baadaye, nyingine hazikurudi. Kijana alikuwa mtoto wakati huo. Kwao jambo hilo halizungumzwi sana. Huonekana tu mtu anapoelekeza njia na kusema, “Pita pale palipokuwa pa fulani.”

Bibi yake alikuwa barazani, akisuka ukili.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huyo mke mwenzangu wa mbao unayembeba mgongoni hakupikii?”

Kijana alicheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Jioni, baada ya chakula, bibi alimtaka amsikilizishe huyo mke mwenza. Waliokuwapo ni bibi, shangazi aliyekuwa akichagua mawe katika mchele, na mtoto wa shangazi aliyelala mkekani. Kijana akajisemea kwamba hadhira inazidi kupungua. Sasa ni watatu, na mmoja wao yu usingizini. Akachagua wimbo wa tano wa albamu, ambao tuni yake aliitoa kwa bibi mwenyewe, kutokana na alivyoikumbuka tangu utotoni alipokuwa akicheza kando ya shamba la mpunga.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imeuacha ukili. Kisha akasema, “Ni mzuri. Lakini hapo katikati ulipotea njia.”

“Sikupotea, bibi. Nilifanya makusudi. Ndiyo mtindo wake.”

“Mtu hupotea kwa makusudi?” Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Haya, labda ndiko kusoma. Lakini wimbo huu ni wa kuamia ndege, mume wangu. Ukiuimba polepole hivyo watakumalizia shamba.”

Hapo ndipo kijana alipoelezwa jambo ambalo alilishuhudia kwa macho miaka mingi asilielewe. Punje za mpunga zinapoanza kujaa maziwa, makundi ya ndege wadogo hushuka shambani alfajiri, na kundi moja laweza kumaliza kazi ya msimu. Mlinzi wa shamba hukaa juu ya dungu kuanzia mapambazuko hadi machweo, akirusha mawe kwa kombeo, akigonga debe na kupiga kelele. Bibi na wenziwe walikuwa wakiimba, kwa sababu kelele tupu humchosha mtu, ilhali wimbo humkesheza. Kijana alisema kwa utani kwamba huo basi ndio utendaji pekee ambao fanani hufaulu hadhira yake inapomkimbia. Shangazi alicheka hata akamwaga mchele. Bibi hakucheka.

“Ndege hawakuwa wanaoimbiwa,” alisema. “Tulikuwa tukiimbiana.”

Akaeleza kwamba dungu lake lilikuwa upande mmoja wa bonde, na la jirani yake lilikuwa ng'ambo. Bibi alianza fungu la kwanza, na sauti ilipomfikia jirani, naye alijibu kwa fungu la pili. La tatu lilikuwa la jirani peke yake, kisha bibi akafunga. Kwa njia hiyo kila mmoja alijua kuwa mwenzake yu macho, hajaanguka, hajaumwa na nyoka, hajalala. Mchana mzima wawili hao walisikilizana bila ya kuonana nyuso.

Kijana akachukua simu yake akamwomba aimbe ili arekodi. Bibi akaimba fungu la kwanza. Akaimba la pili, maana alikuwa amelisikia mara nyingi. Alipofika la tatu akanyamaza. Akaanza upya tangu mwanzo, kama mtu arukaye hatua nyuma apate nguvu ya kuruka mtaro, akafika pale pale, akakwama. Maneno hayakuwa yake. Kwa miaka yote hiyo, wakati jirani akiimba fungu hilo, bibi alikuwa akiutumia muda huo kunywa maji na kuokota mawe ya kombeo.

Jirani yule alikuwa miongoni mwa waliohama mwaka 2012. Alifia huko alikohamia. Kesho yake shangazi alitafuta nambari ya simu ya binti yake, wakampigia. Binti alifurahi kusikia salamu za Kilelengwani, akalia kidogo, kisha akajaribu. Tuni alikuwa nayo. Maneno hakuwa nayo. Alisema alipokuwa mdogo alijua mama anaimba, na hakuna anayejifunza kitu anachodhani kitakuwapo siku zote.

Usiku huo mtoto wa shangazi alishikwa na homa kidogo, akakataa kulala. Bibi alimpakata akamwimbia bembelezi ya Kipokomo. Kijana alikaa gizani akisikiliza, na mawazo yakamwenda kwenye jambo ambalo kila mtoto wa Tana River huambiwa shuleni, naye huliona kuwa fahari tupu isiyo na uzito. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, kamati ya wanamuziki watano ilitafuta tuni ya wimbo wa taifa, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tuni waliyoikubali ilitokana na bembelezi ya Wapokomo, na Mzee Meza Galana ndiye anayekumbukwa kwa kuwapatia. Tangu hapo tuni hiyo hupigwa viwanjani, bungeni na katika mabaraza ya wakuu wa dunia, na mamilioni husimama wima inapopigwa. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa mtoto mmoja asiyetaka kulala.

Kijana akalinganisha nyimbo hizo mbili. Zote mbili zilizaliwa katika bonde la mto mmoja, katika vinywa vya wanawake waliokuwa kazini, bila jukwaa na bila kiingilio. Moja husikika katika shule za nchi, na ya pili imekatika katikati. Uzuri haukuwa sababu, kwa kuwa nyimbo zote mbili ni nzuri. Idadi ya wasikilizaji pia haikuwa sababu: kwenye shamba la mpunga walikuwapo wengi, wakulima, watoto, wapita njia wa mitumbwini. Tofauti ilikuwa kwamba bembelezi ilimpata mtu wa kuichukua na kuitoa nje ya chumba. Nichols alimpata Rudd. Konde aliwapata waliookota santuri zake mavumbini. Fungu la tatu la wimbo wa ndege halikumpata mtu.

Na ndipo lilipomjia wazo lililomnyima usingizi hadi majogoo. Wimbo ule uliimbwa mbele yake misimu mingapi? Alikuwa chini ya dungu, akifinyanga ng'ombe wa udongo, masikio yake mazima. Alichukua tuni, kwa sababu tuni ilimpendeza, akaiweka katika albamu yake bila ya kuuliza ni ya nini wala ni ya nani. Alikuwa amelalamika mwaka mzima juu ya viti vitupu, na katika utendaji mmoja uliomhitaji, yeye ndiye aliyekuwa kiti kitupu.

Hakupata faraja katika wazo hilo, wala halikumpa majibu ya shida zake. Karo bado ilidaiwa na katoni bado ilikuwa chini ya kitanda. Lakini siku zilizobaki za likizo alizitumia kwa namna nyingine. Kila asubuhi aliketi na bibi, simu mbele yao na daftari mapajani, akaandika nyimbo za kupanda, za kuvuna, za kutwanga, za kupiga makasia, kila moja na kazi yake na jina la aliyemfundisha. Shangazi akaanza kusahihisha. Jirani wa karibu akasikia, akaja na nyimbo zake. Mzee mmoja mfugaji, aliyezoea kupita kijijini na maziwa, alisimama kusikiliza, akasema kwamba wao nao wana nyimbo za kuwanywesha ng'ombe kisimani. Akaimba moja akiwa bado amesimama, kibuyu mkononi. Wote wakanyamaza. Wakati fulani hilo lisingewezekana katika kijiji hiki. Hakuna aliyelitolea hotuba. Bibi alimkaribisha mgeni kiti, na kijana akageuza ukurasa wa daftari.

Siku ya kuagana bibi alimuuliza kama bado anakusudia kumwacha mke wake wa mbao. Kijana akajibu kwamba ndoa hiyo ina matatizo, ila talaka ameiahirisha.

Muhula ulipofunguliwa alimpigia simu yule mnunuzi akamwomba radhi. Mwezi wa pili yeye na wenzake walipiga tena katika ukumbi ule ule. Walikuja watu 11, na mlinzi wa kumi na mbili. Mhadhiri mstaafu alikaa mstari wa mbele. Walipofika wimbo wa ndege, kijana alieleza kwa maneno machache unatumika wapi na uliimbwa na nani. Hakuupiga polepole tena. Fungu la kwanza aliliimba yeye, la pili mpiga besi akalijibu kutoka mwisho wa ukumbi, alikotumwa akasimame kusudi. La tatu hawakulitungia maneno mapya, japokuwa mmoja wao aliwahi kupendekeza hivyo. Gitaa lilipiga tuni tupu, kama lilivyopatikana kwa binti wa jirani, kisha kijana akafunga kwa fungu la nne.

Makofi ya watu wachache yalisikika kofi moja moja kama awali. Watu wakatoka. Wapigaji wakakunja nyaya zao, wakafunga ngoma kwenye mifuko. Mlinzi alikuja na funguo zake, lakini badala ya kuwaharakisha alisimama kando ya jukwaa.

“Ule wimbo wa ndege,” akasema. “Pale mlipoacha kuimba mkapiga gitaa peke yake, maneno yake ni yapi?”

“Hayajulikani, mzee wangu. Aliyekuwa nayo amekufa.”

Mlinzi alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyepashwa habari ya msiba wa jirani. Kisha akauliza kama fungu la kwanza angeweza kuandikiwa. Kijana akachana ukurasa kutoka katika daftari, akaketi juu ya spika, akaandika.